Mwanamke Hapandi Tangi

Barua ya kiwanda ilifika Jumatatu, na Bi Amida, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusoma hata jina la duka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua imesema nini. Aliinusa bahasha, akaipima uzito mkononi, akatangaza kwamba ni habari njema, kwa sababu habari mbaya hutumwa kwenye karatasi nyembamba.

"Isome kwa sauti," alimwamuru mke wa mwanawe.

Zahra aliisoma amesimama mlangoni, vidole vimejaa unga wa chapati. Kiwanda cha Sabuni cha Korongo, Thika, kilikuwa tayari kumrudisha kazini. Angerudi maabara kwa mshahara ule ule wa zamani, awe msaidizi wa Mkuu wa Maabara, Bwana Dalmas. Jibu lilitakiwa lifike kabla ya saa kumi jioni, siku ya Ijumaa.

"Alhamdulillahi!" Bi Amida akapiga paja. "Si nilisema?"

"Mama, huyo Dalmas nilimfundisha mimi. Siku ya kwanza alivuta dawa ya kupimia kwa mdomo, kama mtu anakunywa soda."

"Na sasa amejua. Mtoto akijua kutembea unamkasirikia?"

Zahra akarudi kwenye chapati, na chapati ile ikasukumwa siku hiyo hadi ungeweza kusoma gazeti kupitia upande wa pili.

Kisa chenyewe mtaa mzima wa Majengo ulikuwa unakijua, maana Zahra alimweleza yeyote aliyesimama karibu naye muda wa kutosha. Kwa miaka tisa alipima sabuni ya Korongo. Mkuu wa maabara alipostaafu, meneja, Bwana Gachanja, alimwita ofisini, akampa kiti, akamwagizia chai, kisha akamwambia kwa upole wa mtu anayeng'oa jino kwamba cheo kitakwenda kwa Dalmas, mwenye miaka miwili kazini. Sababu ni tangi. Tangi la kuchemshia sabuni lilikuwa na urefu wa futi ishirini, mkuu wa maabara hupanda ngazi kuchota sampuli kutoka juu na katikati, na kanuni ya kiwanda, ambayo haikuandikwa popote lakini watu waliijua kuliko wimbo wa taifa, ilisema mwanamke hapandi tangi.

"Fikiria mwenyewe, mama," Gachanja alimwambia. "Wewe uko huko juu, wanaume wako hapa chini. Sasa wataangalia nini?"

"Nitavaa suruali."

"Ngai! Suruali ndiyo mbaya zaidi."

Zahra alimaliza chai, akaosha kikombe, akachukua koti lake jeupe na kwenda nyumbani. Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita.

"Baba Sumeya," sasa alimwita mumewe, "njoo usome mambo."

Uthman aliingia kutoka barazani, ambako alishonea watu nguo na kutengeneza cherehani zao, mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni kama tai. Alikuwa mtu mpole, mwenye masharubu aliyoyatunza vizuri kuliko vifaa vyake. Akaisoma barua mara mbili.

"Sumeya anafungua shule mwezi ujao," alisema.

"Najua."

"Nasema tu."

"Na mimi nasema najua. Mnipe mpaka Ijumaa. Hata kiwanda kimenipa mpaka Ijumaa, nyinyi mtanishinda kwa haraka?"

Akanawa mikono, akatwaa buibui, akaenda dukani kwa Bhupendra kuona kama kuna barua pepe.

*

Kompyuta ya Bhupendra ilikaa nyuma ya duka la vitabu, imefunikwa kitambaa cha lesi kama mwali. Watu walisema kwamba siku ilipoletwa kutoka Nairobi walihitajika wanaume wanne kuibeba, na mmoja wao hajanyooka mgongo mpaka leo. Bhupendra aliinunua imsaidie kuhesabu madaftari, ikamshinda siku ya pili, akaitukana kwa lugha tatu. Aliyeifungua na kuielewa ni mkewe, Dayaben, mwanamke mwenye digrii ya hesabu aliyekuwa ameuza penseli kwa miaka ishirini na mbili.

"Digrii yangu iko jikoni ukutani," Dayaben alipenda kusema. "Imeshika mafuta ya bajia. Ukiinusa unapata njaa."

Biashara ya Zahra ilizaliwa kwenye kompyuta hiyo, na mtaji wake haukuzidi bei ya mbuzi wa Idi. Alinunua mizani ndogo ya shule iliyofungwa, mrija wa kioo wenye alama, na chupa ya matone yale yanayogeuka rangi ya waridi yakikutana na sabuni iliyozidi kostiki, yale magadi makali ya kutengenezea sabuni. Mtu mwenye kutengeneza sabuni nyumbani, awe Ruiru au Mbale au Tanga, alimtumia mche mmoja kwa basi. Zahra akaupima mezani pake, akaandika majibu kwa mkono, Dayaben akayapiga chapa simu ikiwa imefungwa, kisha akaunganisha Nairobi kwa dakika tatu tu, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kwa kuwa simu ya Nairobi ilikula pesa kama mchwa. Barua iliyotoka Ruiru, mwendo wa baiskeli, ilipitia Amerika kwanza ndipo ikafika Thika, na bado iliishinda posta kwa wiki nzima.

"Zahraben! Kuja, kuja," Dayaben alimpungia, akimwita dada kwa Kigujarati. "Bwana Uthman amepata barua tena."

Zahra akakunja uso. Mwezi wa kwanza wa biashara alikuwa ametia sahihi kama alivyoitwa na babake: Zahra Tahir, Mkemia. Akapata majibu kumi na moja. Tisa yaliomba barua ipelekwe kwa mkubwa wake. Mawili yaliuliza kama ameolewa. Ndipo Dayaben akasema, sanduku la posta si ni la mume wako? Andika Z. Uthman. Uongo uko wapi hapo? Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza habari za mkubwa.

Dayaben akasoma kwa sauti ya mhubiri:

"Mpendwa Bwana Uthman. Mimi Wambua, katibu wa Umoja wa Vikundi vya Sabuni vya Ruiru, Mwihoko na Githurai, pia muuzaji wa kostiki na mafuta, nitafika kwako Alhamisi saa nne pamoja na mwenyekiti, Mama Apiyo, kutia sahihi mkataba. Vikundi saba, mwaka mmoja. Mikono ya akina mama bado inaungua na hatujui kwa nini. Mwenyekiti ana hamu ya kuona huo ulimi wako uliotuandikia."

"Ulimi?" Dayaben akainua miwani.

"Kabla sijapima huwa naonja. Ncha ya ulimi tu. Ikiuma, kostiki imezidi. Nilimtajia kwenye barua."

"Na Alhamisi watakuja kuona ulimi wa nani?"

Zahra akapiga hesabu. Vikundi saba kwa mwaka mzima vingelipa karibu sawa na Korongo. Akikipata kile kipande cha karatasi Alhamisi, barua ya Gachanja angeifungia maandazi Ijumaa. Asipokipata, saa mbili ya Jumatatu angekuwa anamshikia Dalmas mlango.

*

"Shida iko wapi?" Bi Amida aliuliza. "Wanamtaka Bwana Uthman. Bwana Uthman si huyu hapa?"

"Mama!" Uthman akacheka, akashika masharubu. Kisha akaacha kucheka, na Zahra akaliona wazo likimpanda kichwani kama maziwa yanayochemka.

"Hapana," alisema Zahra.

"Mimi sijasema kitu, Mama Sumeya."

"Macho yako yamesema."

"Lakini fikiria kidogo. Ni sahihi moja tu. Wakishaenda, kazi unafanya wewe, pesa zinaingia nyumba hii hii. Kuna mtu ameumia?"

"Wewe utasema nini wakikuuliza?"

"Wakubwa hawasemi sana," Bi Amida akakata shauri. "Atakaa kwa kiti. Wewe utaleta chai, utasimama hapo kwa pazia. Ukiona amekwama, utakohoa, yeye abadilishe maneno. Hata serikali inaendeshwa hivyo."

"Nimesoma miaka mitatu, nimefanya kazi miaka tisa, nikohoe nyuma ya pazia?"

"Afadhali kukohoa kuliko kurudi kwa Dalmas. Ama unataka kurudi?"

Hapo mama mkwe aligonga penyewe. Zahra alimtazama mumewe, akamtazama mama yake, akaitazama barua ya Korongo iliyochomekwa nyuma ya redio. Alikuwa amechoka, si kwa kazi, bali kwa kueleza. Kueleza kunachosha kuliko kubeba gunia.

"Basi. Fanyeni."

Kufikia Jumatano jioni Uthman alikuwa ameshika maneno manne: asidi, alkali, asilimia, na inategemea. Suti ya harusi ilitolewa sandukuni na kugundua kwamba mwenyewe amekuwa wawili. Bi Amida alikuwa ameshawaambia majirani kumi na wanne kwamba mwanawe ni mkemia tangu utotoni ila hapendi kujisifu. Yule wa kumi na nne alileta dawa ya mba aulize kama ni halali.

"Hilo la mwisho, inategemea," Zahra alimkumbusha, "ukibanwa, lirudie hilo hilo."

Akamfundisha kukaa, akamfundisha kunyamaza, akamfundisha kuitazama mizani kana kwamba wamejuana. Kilichomtoka akilini ni ulimi. Alikuwa ameonja sabuni kwa miaka mingi hivi kwamba alisahau kuwa hilo nalo ni la kufundishwa.

*

Wambua alikuwa mwembamba, ana mkoba wa ngozi wenye barua pepe zote alizowahi kupokea, zimepangwa kwa tarehe. Mvua ilikuwa inanyunya. Zahra alipomfungulia mlango alimpa mwavuli uliolowa bila kumtazama, kama mtu anayeutundika ukutani, akampita na kumshika Uthman mkono kwa mikono miwili.

"Daktari! Daktari Uthman! Mimi nilijua tu utakuwa mtu wa masharubu."

"Inategemea," alisema Uthman.

Nyuma yake aliingia Apiyo, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita kuku wa mitaa mitatu. Mikono yake ilikuwa imezungushiwa leso. Alimsalimu Zahra kwa kiwiko.

"Nisamehe, mama. Hizi mikono haishikiki. Nikipika ugali nalia kama mtoto."

Zahra akaitazama ile leso, akataka kusema kitu, akakumbuka kazi yake ni chai. Akaleta chai.

"Mama, ongeza sukari kidogo," Wambua alimwambia. Kisha akamgeukia Uthman. "Daktari, una bahati. Mke mnyamavu ni nusu ya utafiti."

Zahra aliongeza sukari vijiko sita.

Mambo yalikwenda. Wambua aliuliza kama hali ya hewa ya Ruiru inaweza kuharibu sabuni, Uthman akasema inategemea. Aliuliza kama mafuta ya nazi ni bora kuliko ya ng'ombe, Uthman akafumba macho, akatikisa kichwa polepole, akasema, "Asilimia." Wambua aliandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari. Nyuma ya pazia Bi Amida aliukanyaga mguu wa Zahra kwa furaha. Mkataba ukatolewa mkobani, ukawekwa mezani, kalamu ikafunguliwa.

"Ngoja kwanza, Wambua," alisema Apiyo. "Hii haraka ni ya nini?" Akafungua mkoba kwa meno, akatoa mche wa sabuni, rangi ya uji. "Bwana Mkemia, wewe uliandika ukionja sabuni unajua ugonjwa yake. Mimi nimetoka Mwihoko kwa mvua kuona hiyo tu. Onja."

Uthman akautazama mche. Mche ukamtazama. Akageuza macho kwenye pazia.

Zahra akakohoa kwa nguvu zote alizokuwa nazo, maana yake usithubutu.

Uthman akaelewa endelea. Akaushika mche kwa mikono miwili, akafungua mdomo kama mtu aliyepewa muhogo wa kuchoma, akauma.

Kwa kitambo kidogo hakuna kilichotokea. Kisha masharubu yakasimama wima. Povu likaanza kutoka, kwanza kwenye pembe za mdomo, halafu puani, halafu pale ambapo mpaka leo Majengo wanabishana ni wapi, povu la kutosha kufua mashuka yote ya hoteli ile kubwa ya Thika iliyo penye maporomoko ya maji. Akataka kusema inategemea, ikatoka puto.

"Usimeze!" Pazia likang'oka na fimbo yake. "Tema! Tema, Baba Sumeya! Mama, leta maji, leta ndoo nzima!"

Zahra akamshika kisogo, akamwinamisha, akamsukutua kwa maji mengi, bakuli juu ya bakuli, huku akimpiga mgongo na kumhesabia kama anavyohesabiwa mtoto. Hakuacha mpaka yale maji yalipotoka safi. Ulimi wa Uthman ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu kama pilipili hoho, lakini ulikuwepo.

Wambua alikuwa amesimama juu ya kiti, mkoba kifuani.

"Daktari amepata kifafa?"

"Si daktari, na si kifafa," Zahra alisema. Alichukua mche kutoka sakafuni, akaugusa kwa ncha ya ulimi, akangoja, akatema ndani ya leso. Uso wake haukubadilika hata kidogo. "Kostiki imezidi, na imezidi sana. Mama Apiyo, mikono ilianza kuuma lini?"

"Mwezi wa kwanza," Apiyo akajibu papo hapo, kama aliyekuwa akimngoja mtu huyu tangu alipoingia.

"Kostiki mnapima na nini?"

"Na gorogoro. Gorogoro mbili kwa pipa moja. Tangu tuanze."

"Gorogoro lile lile?"

"Lile lile, la mafuta ya kupikia, kilo mbili. Hiyo kopo ni kama mtu wa familia."

"Na kostiki, ile ile?"

Apiyo akafikiri. "Hapo sasa... zamani ilikuwa kama maganda, nyembamba nyembamba. Mwezi wa kwanza Wambua akatuletea ingine, iko punje punje, kama sukari. Akasema ndiyo ya kisasa."

Zahra akaenda jikoni, akarudi na makopo mawili yanayolingana, moja la majani chai, jingine la sukari. Akaweka moja kwenye kila kiganja kilichofungwa leso cha Apiyo.

"Makopo ni sawa?"

"Ni sawa."

"Uzito ni sawa?"

Apiyo akainua moja, akainua la pili. Mkono wa sukari ukashuka.

"Yawa!" alisema polepole. "Yawa, yawa. Sisi tumekuwa tukizidisha kila pipa."

"Maganda yanaacha nafasi ndani ya kopo. Punje hazina nafasi. Tupeni gorogoro, nunueni mizani. Na sabuni mliyonayo msiiuze, nitawaandikia namna ya kuichemsha upya."

Apiyo alimgeukia Wambua, naye akageukia ukuta.

"Kwa hivyo wewe ndiye Z.," Apiyo akamwambia Zahra.

"Ndiye mimi."

"Na huyu?"

"Huyu ni sanduku la posta."

Apiyo akacheka mpaka akashikilia meza kwa viwiko. "Wambua, leta hiyo karatasi mama atie sahihi twende nyumbani."

Lakini Wambua alikuwa ameshaanza kuurudisha mkataba mkobani, na jasho lilimtoka kama aliyeonja yeye.

"Hiyo ndiyo shida, mwenyekiti. Mkataba unasema Bwana. Kamati ilipitisha Bwana. Katiba ya Umoja, kifungu cha nne, jina likibadilika lazima kamati ikae tena."

"Kamati ni mimi na akina mama! Wewe ni kalamu tu!"

"Kalamu iko kwa katiba. Kamati inakaa mwezi ujao, tarehe nane."

"Jina halijabadilika," alisema Zahra. "Ni herufi ile ile. Ni mtu yule yule aliyewajibu barua kumi na mbili."

"Mama, mimi sina ubaya. Lakini nitaanzia wapi kuwaeleza? Nimewaambia watu Ruiru mzima, mpaka hapa Thika, wakubwa wenye viwanda, kwamba kuna bwana mmoja anaitwa Uthman..." Akachukua mwavuli wake mwenyewe.

"Tarehe nane nitakuja mwenyewe na hiyo karatasi," Apiyo alisema mlangoni, akampa Zahra kiwiko. "Hata kama ni kwa miguu."

Zahra alimshukuru kwa dhati. Lakini tarehe nane ni tarehe nane, na kesho ilikuwa Ijumaa.

"Kile kikohozi chako ndicho kimeharibu," Bi Amida alisema wageni walipoondoka. "Mtu hukohoa kidogo, si kama injini ya lori."

Zahra aliketi na karatasi akaanza kuandika kwa Bwana Gachanja: nimekubali. Uthman, asiyeweza kutamka hata bismillahi, alimtazama akiandika. Halafu akavuta ile barua ya Korongo nyuma ya redio, akaigeuza, akaandika kwa penseli ya fundi na kumsogezea.

*Miaka tisa ulikuwa unaonja hii?*

"Eeh."

*Kila siku?*

"Mara sita kwa siku," alisema Zahra. "Na ile ya Korongo hutoka moja kwa moja kwenye tangi, ni kali kuliko hii."

Uthman akaiweka penseli mezani.

*

Ijumaa, saa tisa kasoro, Zahra alipita kwa Dayaben akiwa njiani kwenda kiwandani. Bahasha ya kukubali ilikuwa mkobani. Hakutaka kuitoa, wala hakutaka kuzungumza.

"Dakika tatu tu," Dayaben alisema. "Kuna kitu kimeingia asubuhi na mimi sijaamini macho yangu. Keti. Keti kwanza!"

Zahra akaketi. Akasoma kwenye kioo mwenyewe.

"Mpendwa Bwana Z. Uthman. Jina lako nimelipata kwa Bwana Wambua, anayetuuzia kostiki, na ambaye amekusifu sana. Sabuni yetu ya miezi miwili iliyopita inarudishwa na wateja kwa malalamiko ya kuwasha. Tunaamini sampuli hazichukuliwi inavyostahili. Mkuu wetu wa Maabara, kwa sababu za kiafya, hawezi kupanda ngazi. Huchota kwenye bomba la chini pekee. Tulitarajia kumrudisha msaidizi fulani wa zamani afanye kazi hiyo kwa muda, bila kutangaza, lakini hajajibu. Tafadhali uje Jumatatu ukague tangi. Taja ada yako. Gachanja, Meneja, Kiwanda cha Sabuni cha Korongo."

Zahra akasoma tena. Alipofika kwenye sababu za kiafya akarudi nyuma, akasoma mara ya tatu.

"Dalmas anaogopa kupanda," alisema. "Dayaben, Dalmas anaogopa kupanda!"

"Na Wambua hakumwambia wewe ni nani."

"Angeanzia wapi?"

Wakatazamana, wakacheka mpaka Bhupendra akachungulia kutoka dukani kuuliza kama mashine imeharibika tena.

Bahasha ya kukubali ilitolewa mkobani. Dayaben akaigeuza upande mweupe, akanoa penseli.

"Sema. Ada?"

"Mshahara wa mwezi mzima wa mkuu wa maabara, kwa siku moja. Nusu itangulie."

"Nzuri. Na sahihi? Z. Uthman?"

Hapo Zahra akapima pande zote mbili. Akiandika Z. Uthman, pesa ingekuja bila swali. Akiandika jina lake, Gachanja angelitambua kabla hajamaliza mstari, na huenda akaifuta barua na kutafuta bwana mwingine. Zilibaki dakika hamsini kabla ya saa kumi.

"Zahra Tahir, Mkemia."

"Akikataa?"

"Nani mwingine atapanda?" Kisha akaongeza, "Ngoja, andika mstari mmoja chini yake. Andika: Ngazi iwe imara. Na wanaume watakaokuwa chini, waangalie sabuni."

Dayaben akapiga chapa kwa vidole viwili, kila herufi kama msumari, akaunganisha Nairobi, na mashine ikalia ile sauti yake ya paka aliyekanyagwa. Barua ya kutoka Thika kwenda Thika ikaondoka kupitia Amerika.

*

Jumamosi asubuhi tarishi wa Korongo aliegesha baiskeli barazani. Bahasha ilikuwa nene. Bi Amida aliipima uzito, akainusa, akasema hii hata kipofu anaisoma. Ndani mlikuwa na nusu ya ada na kikaratasi chenye maneno matatu: Ngazi imetengenezwa. Gachanja.

Juu ya bahasha, kwa mwandiko safi wa ofisi, palikuwa pameandikwa: Kwa Bw. Zahra Tahir.

Zahra akaitazama Bw. ile. Akapumua kama cherehani inayokata uzi.

"Baba Sumeya," alisema, "unaweza kushona suruali kabla ya Jumatatu?"

Uthman akauvua mkanda shingoni. Akapima kiuno, akapima mguu, akaandika ukutani kwa chaki. Ulimi bado ulimjaa kinywani, na tangu Alhamisi hakuwa amesema neno.

Bi Amida akatoka jikoni, akaona kitambaa cheusi kimetandazwa mezani na mkasi juu yake.

"Suruali ya nani hiyo?"

Uthman akaitoa pini mdomoni, akajaribu ulimi wake polepole.

"Ya mkemia," alisema.